Maswali ya Wasomaji: Sigara Moja Moja, Shisha na Kuber

SWALI: Mume wangu huvuta sigara kama 15 kwa siku. Kila akiacha, siku ya tatu anakuwa mkali, hapati usingizi, kisha anakwenda dukani kununua "moja tu". Nimsaidieje? – Msomaji, Kasese

JIBU: Dada, usimlaumu kwa udhaifu. Akivuta, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu. Ubongo uliozoea hudai nyingine. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote. Zikipita, dalili hupungua, na kwa wengi huisha ndani ya wiki nne. Kwa hiyo achague tarehe ambayo siku hizo hazitaangukia harusi wala matanga.

Aulize famasi kama wana plasta au chingamu za nikotini. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21, moja kila siku kwa wiki 6, kisha ya 14 kwa wiki 2, na ya 7 kwa wiki 2. Hubandikwa asubuhi penye ngozi kavu isiyo na nywele, na kila siku mahali papya.

Chingamu ndiyo wengi huikosea. Itafunwe polepole mpaka iwashe, kisha ikae kati ya fizi na shavu mpaka muwasho upoe, ndipo itafunwe tena, kwa muda wa nusu saa. Ukiitafuna haraka, nikotini inamezwa, tumbo linachafuka na hamu inabaki palepale. Asinywe soda wala kahawa dakika 15 kabla yake, maana asidi huzuia nikotini kupenya mdomoni. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Na ninyi wa Kasese mnaokunywa kahawa: moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Akiacha sigara na vikombe vikabaki vilevile, kafeini hujazana, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, naye hudhani ni hamu ya sigara. Apunguze kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza.

SWALI: Nina duka Busia. Je, kuuza sigara moja moja ni kosa kweli? – Mwenye duka

JIBU: Ni kosa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza jambo hilo, na pia inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21. Mtoto wa shule hawezi kununua pakiti nzima, lakini sarafu ya sigara moja anayo. Sigara hiyo pia humfikia bila picha za onyo zilizo kwenye pakiti. Na yule mume wa Kasese hurudishwa na moja hiyohiyo. Ondoa pia kiberiti ulichokifunga kwa kamba mlangoni, na mabango ya sigara, kwani matangazo yamepigwa marufuku.

SWALI: Shisha si inachujwa na maji? – Msomaji, Jinja

JIBU: Hapana. Maji huupoza moshi tu, na moshi uliopoa huvutwa kwa kina zaidi. Makaa hutoa kaboni monoksidi, ambayo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kizunguzungu ambacho vijana hukiita stimu mara nyingi ni hicho. Akizirai mtu, mtoeni nje mara moja na mumpeleke hospitali. Msitulizwe na kipimo cha kidoleni: huweza kuonyesha oksijeni ya kawaida hata damu ikiwa imejaa gesi hiyo. Sheria hiyohiyo imepiga marufuku shisha.

SWALI: Wanafunzi wangu huweka kuber ndani ya mdomo. Nitazame nini? – Mwalimu, Tororo

JIBU: Mwalimu, kuber ni tumbaku, nayo imekatazwa. Tazama vifuko vidogo mifukoni na kutema mate mara kwa mara. Kukiwa na utando mweupe kwenye fizi au shavu usiofutika kwa wiki mbili, mwanafunzi aonwe na daktari wa meno.

Akiwa pia anakunywa pombe kila siku au anameza vidonge vya usingizi, msimkatishe ghafla: degedege linaweza kumuua. Apelekwe Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyo Kampala, au kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, apunguziwe chini ya uangalizi.