Kushuka Magamba kwa baiskeli: jiandae kwa mteremko kuliko mlima

Wengi wanaoniuliza kuhusu kuendesha baiskeli Usambara huuliza habari ya kupanda. Nitaweza kweli? Miguu itahimili? Huwa nawajibu kwamba kupanda wataweza, na wakichoka watashuka wasukume. Hakuna atakayewacheka, maana hata wenyeji husukuma. Kazi iko kwenye kushuka. Ukiishiwa pumzi mlimani, baiskeli inasimama yenyewe. Ukiishiwa breki mteremkoni, haisimami.

Nazungumzia hasa vijia vya Usambara Magharibi, kati ya msitu wa Magamba na mji wa Lushoto. Mombo, pale barabara ya mlimani inapoanzia, ni kama mita 400 tu juu ya usawa wa bahari. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400, na vilele vya Magamba vinapita 2,000. Kwa hiyo mtu aliyetoka Dar au Tanga anakutana na baridi, ukungu wa asubuhi, na udongo mwekundu wa mfinyanzi ambao ukilowa unateleza kama mlenda. Masika, yaani Machi hadi Mei, mimi siendi kabisa. Juni hadi Septemba kuna baridi kali lakini njia hushika vizuri, na Januari na Februari pia hufaa. Ukitaka kuokoa nguvu zako kwa ajili ya mteremko, panda na gari la abiria linaloelekea Lukozi au Mlalo, baiskeli ikiwa kwenye keria juu. Ilaze upande wa gia ukiwa juu, na uifunge mwenyewe. Usimwachie konda.

Baiskeli yenyewe si lazima iwe ya mamilioni. Mtumba wenye fremu nzima, tairi pana na breki za kweli unatosha. Ukienda kuchagua, usianze na rangi wala idadi ya gia. Bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa pale usukani unapoingia kwenye fremu. Ukisikia inacheza, gololi za usukani zimelegea au zimekwisha. Halafu pitisha kidole chini ya fremu, nyuma kidogo ya bomba la usukani. Fremu nyingi hupata ufa hapo, na rangi mpya iliyopakwa sehemu hiyo peke yake inatosha kukufanya urudishe baiskeli kwa muuzaji. Mwisho, zilalie shokapu za mbele kwa uzito wako wote. Zikigoma kushuka, au zikishuka na kubaki huko huko, hizo ni pambo. Afadhali uma wa chuma usio na shokapu kuliko shokapu iliyokufa, kwa sababu ule wa chuma hautakushtukiza njiani.

Breki za diski ni bora kuliko zile za mipira inayobana rimu. Tope la mfinyanzi likiingia kati ya mpira na rimu, breki inachelewa kushika, na chembe za mchanga zinakwangua rimu mpaka inakuwa nyembamba. Kama unazo za mipira tu, usijinyime safari. Chagua kiangazi, beba mipira ya akiba, na usimame mara nyingi zaidi.

Kuna tabia moja naiona kwa karibu kila mgeni: anabana breki kidogo kidogo, mfululizo, toka juu mpaka chini, akidhani huo ndio uangalifu. Breki hazipati nafasi ya kupoa. Vijana wa Marekani waliouanzisha mchezo huu kule Kalifornia waliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1976 walianza kushindana kushuka mlima karibu na mji wa Fairfax, wakitumia baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Grisi ndani ya haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa ikiungua na kufuka moshi, na baada ya kushuka mara moja tu ilibidi haba ifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Njia yao haikufika hata kilomita 4. Kutoka Magamba mpaka mjini ni zaidi ya hapo.

Kwa hiyo bana kwa nguvu, kisha achia. Bana pale ambapo ardhi ni nzuri, pamekauka na pamenyooka, ili ukifika kwenye kona au kwenye mizizi uwe umeshapunguza mwendo na vidole vimelegea. Tairi iliyobanwa juu ya mzizi uliolowa haiendi mbele, inaenda pembeni, na wewe unaifuata. Kidole kimoja cha shahada kwa kila breki kinatosha kama breki zimefungwa vizuri. Vidole vingine vishike usukani. Na usiiogope breki ya mbele. Watu wameambiwa itawarusha, basi wanatumia ya nyuma peke yake, inaseleleka, na wanaanguka vilevile. Kwenye mteremko uzito wote unakwenda mbele, hivyo kazi kubwa ya kusimamisha iko mbele. Breki hiyo humrusha aliyekaa kitako na kukaza mikono, au aliyeibana ghafla huku usukani umepinda. Nenda kwenye uwanja wa mpira wenye nyasi, jizoeze kuibana taratibu mpaka uijue, ndipo uje milimani.

Siti ishushwe kabla hujaanza kuteremka. Hili halina mjadala. Siti ikiwa juu itakusukuma mgongoni kila unapopita jiwe. Simama juu ya pedeli, zote mbili zikiwa usawa mmoja, moja mbele na nyingine nyuma, ili ya chini isigonge kisiki. Kunja magoti na viwiko, makalio yarudi nyuma kidogo, uzito ukae miguuni, mikono iwe myepesi. Baiskeli itacheza chini yako na utaona kama inakuponyoka, lakini ndivyo inavyotakiwa. Macho yaangalie mbele, mahali unapotaka kupita. Anayelikazia macho jiwe hulipanda jiwe hilo hilo.

Mizizi ipitie kwa kuikata moja kwa moja, usiipande kwa mshazari. Ikiwa njia yenyewe inakulazimisha mshazari na kumelowa, shuka utembee. Na popote usipoona mwisho wa kipande kilicho mbele yako, simama, weka baiskeli chini, tembea mpaka chini ukiangalia utapita wapi na utasimamia wapi mambo yakiharibika, kisha rudi uiendeshe. Hiyo ni dakika chache tu. Wenzangu wenye kasi kuliko mimi wote hufanya hivyo, na wasiofanya huwa nawakuta wamekaa pembeni ya njia wakijikung'uta.

Sehemu inayowaangusha wengi siyo ile yenye mizizi. Ni pale msitu unapoishia. Ndani ya msitu kuna giza, majani mabichi, ardhi laini inayoshika kidogo. Ghafla unatokea kwenye mashamba, jua la moja kwa moja machoni, na chini ya tairi kuna vumbi na changarawe juu ya udongo mkavu. Macho hayajazoea mwanga, mwendo ni ule ule wa msituni, na kona ya kwanza inakuja upesi. Mimi husimama mita chache kabla ya kutoka, nafuta miwani, nakunywa maji, ndipo naendelea.

Kuhusu upepo, mafundi wetu wamezoea baiskeli za kubeba magunia, kwa hiyo wanajaza mpaka tairi inagoma kubonyea. Tairi ya namna hiyo inadundadunda juu ya mawe badala ya kushika. Mtu wa kilo 70 hivi, mwenye tairi pana na tyubu ndani, aanze na paundi 30 mbele, nyuma zaidi kidogo, kisha arekebishe. Usishuke mno. Ukipata pancha yenye matundu mawili yanayotazamana, tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe, na hiyo ni dalili kwamba upepo ulikuwa mdogo.

Sasa kuhusu watu, na hapa sina utani. Vijia hivi si uwanja wa michezo. Ndiyo barabara ya mama anayepeleka kabichi sokoni, ya watoto wa shule, ya mzee na ng'ombe wake. Anayepanda na mzigo kichwani hapaswi kukupisha hata kidogo. Shuka, mwachie upande wa mlima, toa salamu kamili. "Shikamoo mama, pole na mzigo." Kengele ipigwe mapema, kabla ya kona, isipigwe mgongoni mwa mtu. Tena ukisalimia vizuri unapewa habari usizoweza kuzipata kwenye ramani yoyote ya simu. "Mwanangu, pale kwenye mparachichi ushuke, maji yamekata njia." Mvua moja tu hapa inaweza kuchimba korongo la kina cha goti katikati ya njia iliyokuwa safi wiki iliyopita, na wanaolijua ni hao wanaopita kila siku kwa miguu. Ndiyo maana napendekeza umlipe kijana mwenyeji akuongoze, hata kama unajiona mjuzi. Na kwa kuwa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, pita kwanza ofisini kwao ulipe na uulize ni njia zipi zinaruhusu baiskeli.

Mzigo wako uwe mdogo: tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pampu, spana, kiungo cha mnyororo, maji, sweta. Kofia ngumu na glavu ni lazima, kwa sababu ukianguka mikono ndiyo inayotangulia. Mwambie mtu mjini unapita wapi, maana mtandao hukatika mabondeni, na usianze kuteremka alasiri, kwani msituni giza huingia mapema.

Ukifika chini, usizimwagie maji diski zikiwa za moto, zinaweza kupinda. Subiri zipoe. Halafu mkatalie kijana wa kuosha magari na mashine yake ya presha, kwa sababu maji yale hupenya mpaka kwenye gololi na kufukuza grisi. Ndoo na brashi vinatosha. Kagua pedi za breki zimebaki kiasi gani, futa mnyororo mpaka ukauke, tia tone moja la mafuta kila kiungo, kisha pangusa yaliyozidi kwa kitambaa.