Barua kwa mwanangu: ukuta uonekane miguuni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja wazima, bibi yako anakusalimu na anauliza kama baridi imeshaanza. Barua yako nimeisoma nikairudia. Unasema kikundi chenu kinatunga onyesho la dansi kuhusu Berlin ilipokuwa imegawanywa, na mtunzi amemtaka kila mmoja alete kumbukumbu. Wewe umezaliwa ukuta umeshavunjwa zamani, tena umezaliwa huku. Ndiyo ukaniuliza: asiyekuwepo ana haki gani ya kucheza kumbukumbu za wenzake? Na mwili utasema nini ambacho vitabu havijasema?

Haki hiyo unayo, maadamu utawauliza wenyewe na utawasikiliza. Na mwili una mengi ya kusema, kwa sababu ukuta ule ulifanya kazi yake miilini mwa watu kila siku, hata pale ambapo hauonekani.

Unajua nilisoma Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, miaka ya 1980, baada ya mwaka mmoja wa Kijerumani kule Leipzig. Chuo kilikuwa upande wa Mashariki. Sisi wageni, kwa pasipoti zetu, tukivuka kwenda Magharibi na kurudi, na wenzetu wa darasani waliozaliwa palepale hawakuruhusiwa. Rafiki yangu mmoja alikuwa akinisindikiza mpaka kituo cha Friedrichstraße, kwenye jengo la vioo ambalo watu wa Berlin walilipa jina la Kasri la Machozi, kwa kuwa ndipo walipoagania. Tunakuja tunazungumza na kucheka, mara hatua zake zinafupika. Mikono inaingia mfukoni. Anasimama mbali kidogo na mlango, na hakuna askari aliyemgusa wala kumkemea. Miguu yake ilishajua mwisho wake ni wapi.

Ndani unaingizwa kwenye ujia mwembamba, mlango unafungwa nyuma yako. Askari amekaa nyuma ya dirisha, na juu, nyuma yako, kimetundikwa kioo kilichoinamishwa ili aone nyuma yako na mzigo wako. Anatazama pasipoti, anakutazama wewe, halafu anakuamuru uonyeshe sikio, kwani umbo la sikio halibadiliki kama nywele au ndevu. Mimi nilikuwa na mtandio, kwa hiyo lazima niusogeze. Mkono unapanda, kitambaa kinavutwa nyuma, kidevu kinageuka, macho yanatafuta pa kutua. Hiyo, mwanangu, ni dansi tayari. Wapange wenzako safu moja waifanye taratibu, kama mtu anayeamriwa mara ya kwanza. Kisha waifanye kama mimi nilivyokuwa nikiifanya baadaye, mkono umeshapanda kabla askari hajafungua mdomo. Hapo mtazamaji ataelewa bila kuambiwa neno.

Ukishavuka unapanda treni ya U6, ambayo ni ya Magharibi lakini inapita chini ya Mashariki. Vituo vya huko vilifungwa tangu 1961, watu wakaviita vituo vya mizuka. Treni inapunguza mwendo, haisimami. Taa hafifu, jukwaa tupu, askari mwenye bunduki amesimama kivulini. Mabehewani watu wananyamaza, wengine wanaangalia chini. Kimoja cha vituo hivyo kilikuwa Französische Straße, na barabara iliyo juu yake ndiyo niliyokuwa nikipita kwa miguu kwenda chuoni. Nilipotembea juu nilisikia mtetemo wa treni nyayoni, na wenzangu nao waliusikia, lakini hatukuuzungumzia.

Mengine utayapata makumbusho, nenda tu Bernauer Straße. Ukuta ulianza kujengwa usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, na pale nyumba zilikuwa Mashariki ilhali njia ya miguu mbele ya milango ilikuwa Magharibi. Watu wakaruka madirishani, wazimamoto wa Magharibi wakiwatandazia mashuka ya kuwadakia. Iko picha ya bibi wa miaka 77 ananing'inia nje ya dirisha, juu wanamvuta ndani, chini wanamvuta miguu aanguke upande wao. Alinusurika, lakini wapo walioruka pale wakafa. Picha hiyo nakuomba msiiige jukwaani. Kila mtu ameshaiona, na mkiifanya kwa mbwembwe mtamdhalilisha yule bibi.

Sasa kuhusu haki. Sasha Waltz, mtunzi wa dansi, ni mzaliwa wa Karlsruhe, Ujerumani Magharibi. Mwaka 1996 alifungua ukumbi wa Sophiensæle na onyesho liitwalo Allee der Kosmonauten, jina la barabara yenye maghorofa ya Mashariki kule Marzahn, mtaa wa Berlin. Hakukulia humo. Alikwenda kuwahoji wakazi, kisha akatunga dansi ya familia moja iliyobanana kwenye kochi. Hakuweka askari wala nyaya za miba, na bado unaiona nchi nzima imekaa kwenye kochi lile. Na maghorofa ya namna hiyo wewe unayajua kuliko wenzako wengi hapo. Majumba ya Michenzani yalipangwa na Wajerumani haohao wa Mashariki baada ya Mapinduzi, na shangazi yako amekulea kwenye ngazi zake. Ukiulizwa umeleta kumbukumbu gani, leta na hiyo. Jinsi unavyomwachia njia mzee aliyebeba ndoo kwenye ngazi nyembamba, Marzahn wanaijua.

Mtunzi mwingine ni Pina Bausch wa Wuppertal, Ujerumani Magharibi, ambaye aliwauliza wachezaji wake maswali, nao wakamjibu kwa mwendo au kwa kisa. Onyesho lake Palermo Palermo lilionyeshwa mara ya kwanza Desemba 1989, wiki chache tu baada ya Berlin kufunguliwa tarehe 9 Novemba. Pazia likifunguka kuna ukuta wa matofali umeziba jukwaa lote, na mara unaporomoka. Onyesho lilihusu mji wa Palermo kule Sicilia, lakini Mjerumani gani asingewaza Berlin? Ninachokipenda ni kwamba ukuta umeanguka mwanzoni. Saa zote zilizobaki wachezaji wanatembea juu ya kifusi, wanawake wengine na viatu virefu, na kila hatua inabidi waitafute. Kwa hiyo mwambieni mtunzi wenu, kwa adabu, asimalizie kwa ukuta kuanguka na watu kukumbatiana. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Lakini rafiki yangu aliniandikia baadaye kwamba alipofika Friedrichstraße baada ya kufunguliwa, alisimama palepale pa siku zote, watu wakampita.

Watafute wazee wa pande zote mbili, wa Wedding iliyokuwa Magharibi na wa Prenzlauer Berg iliyokuwa Mashariki. Usiwaulize walijisikiaje, maana watakupa maneno waliyokwisha kuyasema kwenye televisheni. Waulize walipita njia gani kwenda dukani, walishusha sauti wakifika wapi, mikono waliiweka wapi mbele ya askari. Waombe wasimame wakuonyeshe, na wewe simama ufuatishe pamoja nao.

Tarehe ya onyesho ikipangwa niandikie mapema, viza yenyewe inachukua muda.

Mamako

Unguja