Kofia ya chuma ya Mrusi: igeuze kwanza

Kofia yangu ya kwanza "ya Mrusi" niliinunua kwenye mnada wa vitu vikuukuu hapa Ufaransa, karibu na Reims. Mbele ilikuwa na tai mwenye vichwa viwili, nembo ya Tsar, mfalme wa Urusi. Nikamtazama tai, nikatoa pesa. Nyumbani nilipoinua ngozi ya ndani nikaona ndimi za nembo, vile vibati vinavyopita kwenye matundu kuishikilia, zimekunjwa juzi tu, na chuma kwenye matundu kinang'aa kama sufuria mpya. Nikamng'oa tai. Chini yake kulikuwa na kivuli cha bomu linalowaka, nembo ya askari wa miguu wa Ufaransa.

Ndiyo maana nakusihi uigeuze kofia kabla hujamwangalia tai.

Warusi waliingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1914 na kofia za kitambaa. Ya chuma waliipata kwa Wafaransa: ile ya mwaka 1915 aliyoibuni August-Louis Adrian, bati la takriban milimita 0.7, lenye kishungi utosini. Ilikinga vipande vya mizinga. Risasi ya bunduki ilipita. Brigedi ya kwanza ya Warusi ilishuka Marseille Aprili 1916, na wengi wao hawakurudi kwao. Nenda makaburi ya Saint-Hilaire-le-Grand ujionee. Mimi nikisimama pale huona aibu kwamba kuna watu wanabandika tai wa uongo ili wauze ghali.

Kofia za Warusi zilipakwa kaki. Ukikwaruza kidogo ukingoni ndani ukaona bluu ya Wafaransa, uliza maswali, ingawa rangi peke yake haitoshi kuhukumu. Ile ya kiwanda cha Sohlberg, waliyotengenezewa Warusi kule Helsinki mwaka 1917 badala ya Ufaransa, ni adimu. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, ondoka.

Ukishaipata, usiisugue kwa msasa. Kutu na rangi ya zamani ndiyo hati yake.

Wala usiidharau isiyo na tai. Tsar alipoanguka mwaka 1917, wapo waliokata mataji ya tai, wapo waliomng'oa kabisa. Ninayoithamini kuliko zote ina matundu matupu tu mbele, na kaki ya zamani imeingia mpaka ndani ya kingo zake.