Difu: uipange mwenyewe au umpelekee fundi?

Vijana wanaoanza kujenga gari za porini huja na swali lilelile. Kijana ameshafunga matairi makubwa, gari limekuwa zito, gia ya tano haishiki tena hata kwenye mlima mdogo, na mtu amemwambia abadilishe gia za difu, zile za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu magurudumuni. Je, aifungue nyumbani au aipeleke gereji? Hapa Arusha swali hili tunaliishi kila siku, kwa sababu Land Cruiser zetu nyingi zina injini ya 1HZ ya lita 4.2 isiyo na turbo, na zikipandisha kutoka sakafu ya Ngorongoro hadi ukingoni, mwinuko wa mita 600 hivi, zikiwa na wageni na mizigo, kila kosa la uwiano wa gia linajionyesha.

Kabla ya kuamua nani ataifungua, fanya hesabu. Chukua uwiano wa sasa wa difu, yaani propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kwenye difu) inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, zidisha kwa kipenyo cha tairi jipya, gawanya kwa kipenyo cha tairi la zamani. Hilux yenye 4.10 iliyotoka inchi 29 kwenda 33 inakupa 4.67. Uwiano huo haupo dukani. Utachagua kati ya 4.56 na 4.88. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, kwenye gia inayopitisha mzunguko wa injini moja kwa moja, injini yako ya awali ilikuwa inazunguka mara 2,360 hivi kwa dakika. Matairi mapya yameishusha hadi 2,080. Ukiweka 4.56 inarudi 2,310, ukiweka 4.88 inapanda hadi 2,470. Mwenye gari la kubeba mzigo na kupanda milima namshauri 4.88. Anayekula lami ya Arusha hadi Dodoma kila wiki achukue 4.56, mafuta yatamshukuru.

Halafu hesabu meno, na hapa naomba unisikilize vizuri. Uwiano ni meno ya krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) kugawanywa kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Kwa Toyota ya difu ya inchi 8, 4.10 ni krauni ya meno 41 na pinioni ya 10. Na 4.56 ni krauni ya meno 41 pia, ila pinioni ni ya 9. Nilinunua kichwa cha difu (krauni, pinioni na kashi yake, bila ekseli) cha mtumba cha kuweka mbele, nikahesabu krauni, nikapata 41 kama ya nyuma, nikafurahi. Pinioni sikuihesabu. Siku ya kwanza niliendesha kwenye matope nikiwa nimeweka foo wili, magurudumu yote manne yakivuta, na sikuhisi chochote, kwa sababu matope yaliyaachia matairi yateleze. Niliporudi kwenye barabara kavu kabla ya kuitoa, gari likaanza kujivuta na kuruka, usukani ukawa mgumu kama umeshikwa na mtu, na lever ya transfa (gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) ikakataa kutoka. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yalikuwa yanapishana kwa zaidi ya asilimia 10. Nilitengeneza transfa kwa gharama kubwa kuliko kile kichwa cha difu. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja, na usiridhike mpaka umehesabu pande zote mbili kwa mkono wako.

Sasa kazi yenyewe. Wengi wanadhani kubadilisha gia za difu ni kufungua bolti, kutoa cha zamani na kufunga kipya. Kufungua na kufunga ni sehemu ndogo. Kazi ni kupima. Pinioni inatakiwa ikae kwenye kina sahihi kuelekea katikati ya krauni, na kina hicho unakipata kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi, zenye unene unaotofautiana kwa sehemu ndogo za milimita. Beringi za pinioni zinatakiwa zikazwe kiasi cha kuzunguka kwa uzito mdogo tu, kati ya Nm 1 na 2 kwa beringi mpya. Mchezo kati ya meno ya krauni na pinioni kwenye difu hizo za Toyota za inchi 8 ni kati ya milimita 0.13 na 0.18. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, wala kidole hakiwezi kuihisi, hata kidole cha mtu aliyefanya kazi miaka 30. Unahitaji geji ya mshale yenye mguu wa sumaku, maikromita, spana ya toki ya vipimo vidogo, presi na pula ya beringi.

Ukishapima unapaka meno rangi na kuzungusha huku umezuia kidogo, kisha unasoma alama. Alama ikizama kuelekea mzizi wa jino, pinioni imeingia mno. Ikipanda kuelekea ncha, pinioni iko mbali mno. Unatoa beringi, unabadilisha shimu, unarudisha, unapaka tena. Mara ya kwanza nilifanya hivyo mara sita kwa difu moja. Kuanzia na shimu iliyotoka kwenye pinioni ya zamani kutakupunguzia safari, na kuna njia nyingine iliyoniokoa: beringi ya zamani isage tundu lake la ndani mpaka iingie na kutoka kwa mkono. Hiyo inakuwa beringi yako ya kujaribia, na ile mpya unaipiga presi mara moja tu ukishapata shimu sahihi.

Kuna slivu laini, bomba fupi la chuma, katikati ya beringi za pinioni ambayo inabonyea unapokaza nati. Ikibonyea kupita kiasi hairudi, na kulegeza nati hakusaidii chochote. Unaitupa na kuweka mpya. Nunua mbili au tatu kabla hujaanza.

Kitakachoamua kati ya nyumbani na gereji, kwa maoni yangu, ni umbo la ekseli yako kuliko pesa uliyo nayo. Difu ya nyuma ya Land Cruiser na Hilux nyingi hutoka nzima kwa mbele: unamwaga oili, unavuta saidi shafti (zile za kwenda magurudumuni), unafungua propela, unazungusha nati, kichwa kizima kinakuja mikononi, na ni kizito, tafuta mtu wa kukusaidia. Hapo pana njia ya tatu ambayo wengi wanaoanza hawaijui, nayo ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote: toa kichwa mwenyewe, kipeleke kwa fundi anayejua kupanga difu, akipange juu ya meza, wewe ukirudishe. Umelipia vipimo peke yake, na kazi ya spana umeifanya mwenyewe. Lakini Land Rover Defender 110 za zamani zina ekseli ya Salisbury nyuma, na Jeep nyingi zina Dana 44. Hizo gia zake hupangwa ndani ya nyumba ya ekseli, mtu amelala chini ya gari au ekseli imetolewa nzima. Kwa hizo, kama ni mara yako ya kwanza, peleka gereji. Na Defender ni foo wili muda wote, kwa hiyo uwiano usiolingana utaisumbua difu yake ya katikati kila unapotembea, hata kwenye lami.

Ukipeleka, usichague gereji kwa ukubwa wa geti. Niliwahi kupeleka difu mahali palipopangika vizuri, nikamwona fundi anakaza nati ya pinioni kwa mashine ya upepo mpaka ikagoma, akafunga, akaniambia tayari. Sikujua kitu wakati ule. Beringi ilianza kuvuma baada ya miezi miwili na pinioni ikaenda nayo. Sasa nauliza maswali matatu kabla sijashusha gari: fundi, geji yako ya kupimia mchezo iko wapi? Utaniachia nione alama ya rangi kabla hujafunga? Ikilia ndani ya mwezi, unafanyaje? Fundi anayeijua kazi huyapenda maswali haya, na mara nyingi atakuita mwenyewe uje uangalie meno. Anayekasirika, mshukuru kwa heshima uondoke.

Fanya mwenyewe kama una vifaa au mtu wa kukuazima, una gari jingine la kwenda kazini, na una wikiendi mbili ambazo hakuna anayekusubiri. Gari la kitalii linaloingiza ugali wa familia usilifungue mwezi wa Julai kwa ajili ya kujifunza. Na krauni na pinioni ni jozi iliyosagwa pamoja kiwandani. Usichanganye ya huku na ya kule hata kama meno yanafanana. Kama una mpango wa kuweka loka, kifaa cha kufunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, iweke sasa hivi difu ikiwa wazi, la sivyo utalipia vipimo vilevile mara mbili.

Yeyote atakayefunga, siku za kwanza ni zako. Endesha taratibu kilomita 25 hivi, simama, acha ipoe kabisa, rudia mara chache. Kwa kilomita 800 za mwanzo usivute trela, kisha mwaga oili uweke mpya, 80W-90 ya GL-5 kama kitabu cha gari kinavyotaka. Angalia sumaku ya bolti ya kumwagia: unga laini kama majivu ni kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida, na hapo gari halitembei tena mpaka difu ifunguliwe. Unene wa shimu, mchezo ulioupata na idadi ya meno viandike kwa rangi kwenye nyumba ya ekseli yenyewe. Karatasi hupotea, na atakayeifungua difu hiyo baada yako atahitaji namba zile.