Sukari Imeshuka Alasiri: Nifungue au Nisubiri Adhana?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Niko Mbagala, nina kisukari, natumia vidonge vya kisukari, glibenklamaidi na metfomini. Ramadhani iliyopita sukari ya damu ilishuka alasiri hadi 3.2 mmol/L (kipimo cha mashine), nikavumilia kwa kuwa ilibaki saa moja tu. Je, nimepata thawabu zaidi? Na kujichoma kidole kupima hakubatilishi saumu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatuLlah. Kidole kwanza: pima, saumu yako ipo palepale. Sindano ya insulini nayo haifunguzi, kwani si chakula wala haikai mahali pa chakula.

Ama kule kuvumilia, hapana mama. Sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipita 16.6, fungua hapo hapo, hata kama muadhini ameshashika kipaza sauti. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kulipa siku nyingine (al-Baqara, 185), na kujiangamiza kumekatazwa (an-Nisaa, 29). Saa moja ile ingetosha kukuzimisha, maana glibenklamaidi huendelea kulisukuma kongosho litoe insulini hata tumbo likiwa tupu. Metfomini peke yake ni nadra kuishusha hivyo. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Siku hiyo utailipa.

Balaa la pili liko kwenye sinia la futari. Muhogo wa nazi, viazi vitamu, tambi, kaimati na uji mtamu, vyote ni wanga na sukari vinavyoingia kwa mpigo mmoja. Fungua kwa tende moja na maji, swali Magharibi, kisha kula samaki, mchicha, na muhogo usiozidi ngumi yako. Daku usilile saa sita usiku ukalala. Lisogeze karibu na alfajiri, ndiyo Sunna, na saumu ya Dar inapita saa 13. Dona na maharage hukaa tumboni kuliko mkate mweupe na chai ya sukari.

Nenda kliniki wiki sita kabla ya mwezi kuandama, dozi ipangwe upya. Kidonge cha asubuhi usikihamishie dakuni kwa akili yako. Daktari akisema huwezi kufunga kabisa, si Ramadhani wala baadaye, hulipi. Unatoa fidia, kwa madhehebu yetu ya Shafii kibaba kimoja cha mchele kwa kila siku, yaani robo pishi, apewe masikini.

WaLlahu a'lam.