Bunduki ya umemetuli inatema matone badala ya ukungu

Ndugu, umesema bunduki yako ya kupulizia rangi iliyochajiwa umeme inatema matone makubwa, na pembe za ndani hazishiki rangi. Anza na ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini. Kwangua rangi kavu kwenye ndoano inayoning'iniza kipande kinachopakwa rangi, maana rangi kavu huziba njia hiyo. Mara nyingi mchawi yupo hapo. Kisha pima ukinzani wa rangi yenyewe: ikipitisha umeme mno, chaji huvuja kurudi kwenye ndoo, isipopitisha kabisa, haibebi chaji ya kutosha kuyapasua matone. Thina inayofaa hurekebisha hilo. Pembe za ndani? Punguza volti, maana uga wa umeme (nguvu inayovuta rangi) hauingii humo vizuri, rangi huvutwa kwenye kingo. Ila kilovolti 60 (volti 60,000) za bunduki na mvuke wa thina unaoshika moto si mchezo: ukiona cheche, zima mara moja, mwite fundi aliyesomea mitambo hiyo.