Redio ya nini mlimani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu Kulwa anasoma Innsbruck, Austria. Majuzi kanitumia video: yeye na wenzake wanaukwea mlima wa theluji skii, vile vibao virefu vya kutelezea, zikiwa miguuni, kisha wanashuka mahali pasipo na njia, wakizama hadi magotini. Anasema ni laini kama unga. Sasa anaomba hela ya redio ya kuvaa kifuani, bei yake ng'ombe mzima! Redio ya nini mlimani? Nahisi napigwa.
Mama Kulwa, Igoma

JIBU: Marahaba, Mama Kulwa. Hupigwi. Uza ng'ombe.

Kabla sijarudi Kirumba niliosha vyombo misimu minne katika nyumba ya wageni huko huko milimani Austria. Jioni vijana kama Kulwa walitundika juu ya jiko letu zile kanda zenye manyoya wanazobandika chini ya skii ili wasirudi nyuma wakipanda. Jiko zima likanuka gundi na soksi.

Kuhusu unga, hakudanganyi. Theluji mpya sehemu kubwa ni hewa. Shida iko chini yake. Tandika mkeka juu ya mtama mkavu kwenye jabali lililoinama, yale ya kwetu Mwanza hayakosi, kisha mtu akanyage katikati: mkeka wote unaondoka naye. Ndivyo theluji iliyoshindiliwa na upepo inavyokaa juu ya tabaka legelege. Mteremko wa nyuzi 30 unatosha. Na wengi wanaofukiwa, poromoko la theluji wameliangusha wao wenyewe au mwenzao.

Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, mara nyingi hupona. Zikipita 15, matumaini yanaporomoka nayo. Helikopta ni nadra kuwahi. Redio hiyo haiimbi, mama: inatuma mawimbi ya kilohezi 457, wenzake wanageuza za kwao zipokee, wanayafuata mpaka yanapozidi nguvu, wanachoma theluji kwa ufito mrefu, halafu wanachimba. Ufito na chepe ameomba? Kama hakuomba, muulize. Redio bila chepe ni kujua tu marehemu alipolala.

Mkiongea kwenye simu usimuulize kama anajua kuteleza. Vijana wote wanajua. Muulize taarifa ya jana jioni ya hatari ya maporomoko ilisema namba ngapi. Ni 1 hadi 5, na 3 isikudanganye kwa kuwa katikati. Hiyo ndiyo inayoua wengi, maana siku ya namba 5 watu walibaki pale nyumba ya wageni wakinywa chai. Kisha muulize, mara ya mwisho walipofukia mkoba wenye redio na kuutafuta, aliupata kwa dakika ngapi. Akitaja siku na dakika, lala usingizi. Akianza tena habari za unga, kata simu, umpigie kesho umuulize upya.

Mpaka hela ifike, ashuke kwenye njia zilizosawazishwa tu. Redio za kukodi zipo, ila aijue inavyowashwa kabla hajapanda.